Sauti ya Mwimbaji na Mitambo ya Bendi

Katika muziki wa dansi wa nchi yetu, neno ndilo bwana wa wimbo. Mpenzi wa muziki akisikia wimbo mpya huuliza kwanza: wamesema nini? Hata magitaa yapigwe kwa ufundi wa namna gani, na tarumbeta zilie kwa utamu wa namna gani, wimbo ambao maneno yake hayakusikika huhesabiwa kuwa haujaimbwa. Kwa sababu hiyo, historia ya muziki huu si historia ya watunzi na wapigaji peke yao. Ni historia vilevile ya vyombo vilivyobeba sauti ya mwimbaji mpaka masikioni mwa watu. Katika insha hii nakusudia kuieleza safari ya vyombo hivyo, na hasa mtambo mmoja ambao wachache huutazama, yaani prosesa ya spika.

Wazee wetu hawakuwa na haja ya umeme ili wasikike. Ngoma ilichezwa uwanjani, watu wakiwa duara, na kila mwitikiaji alikuwa kipaza sauti cha mwimbishaji. Siti binti Saad wa Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake katika sahani za santuri, alijenga sifa yake kwa pumzi na koo lake mwenyewe. Udi, fidla na dumbaki zilimfuata mwimbaji, hazikumfunika. Kipimo cha ukubwa wa sauti kilikuwa uwezo wa binadamu.

Bendi za dansi nazo zilianza kwa kipimo hichohicho. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah mwaka 1948. Wakati huo katika nchi za mbali ufundi wa kukuza sauti ulikuwa umekwisha kupiga hatua. Mwezi Desemba 1915 Peter Jensen na Edwin Pridham walitumia umeme kuupazia sauti umati mkubwa mjini San Francisco, na mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg walieleza umbo la spika ambalo, kwa misingi yake, ndilo tulilonalo hadi leo: koili ndogo ndani ya sumaku, ikisukuma karatasi, nayo karatasi ikisukuma hewa.

Gitaa la umeme lilipoenea katika bendi zetu, hata kufikia miaka ya 1960, mizani ya kale ilivunjika. Mpiga gitaa akawa na amplifaya yake. Mwimbaji akabaki na kipaza sauti kimoja au viwili. Taabu hiyo haikuwa yetu peke yetu. Tarehe 15 Agosti 1965 kundi la The Beatles la Uingereza lilipiga muziki katika uwanja wa Shea mjini New York mbele ya watu zaidi ya 55,000. Amplifaya zao zilikuwa za wati 100 tu kila moja, na sauti zao za kuimba zilipitia katika spika za matangazo ya uwanja. Kelele za watazamaji zilizishinda nyimbo.

Hapa kwetu jambo hilo lilikuwa na upande wa pili. Vyombo vilikuwa ghali, wala mwanamuziki hakuweza kuvinunua kwa mapato yake. Chama cha wafanyakazi kilipounda NUTA Jazz mwaka 1964, vyombo vilikuwa mali ya chama na wanamuziki wakalipwa mshahara. Mashirika mengine yakafuata mfano huo. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri, ilichukuliwa baadaye na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Basi mwimbaji akawa na koo lake, lakini njia ya kulifikisha kwa watu ilikuwa mikononi mwa mwingine.

Bendi hizo zilikuwa kubwa: magitaa matatu au zaidi, tumba, dramsi, tarumbeta na saksafoni. Katika studio ya Radio Tanzania bendi nzima ilipiga kwa pamoja, lakini fundi alichagua mahali pa kuketisha kila chombo, na maneno yakatoka safi. Ukumbini mambo yalikuwa mengine. Wimbo ambao msikilizaji aliujua kwa moyo kutokana na redio ulimfikia kama mngurumo. Kisha ukaja uhaba wa fedha za kigeni mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Spika ikiungua, kupata nyingine kukawa kazi ngumu. Mafundi walisuka upya koili zilizoungua na maseremala wakatengeneza makasha ya mbao. Ustadi wao wastahili kukumbukwa.

Kwa nini spika ziliungua, na kwa nini maneno yalipotea? Sababu kubwa ni kwamba sauti zote zilibebeshwa njia moja. Gitaa la besi huitikisa hewa mara 40 hadi mia kadhaa kwa sekunde, na huhitaji spika pana inayokwenda mbele na nyuma kwa nguvu. Herufi s, f na sh, zinazotutenganishia neno na neno, zina mitetemo maelfu kwa sekunde, nazo huhitaji spika ndogo na nyepesi, maarufu kwa jina la twita. Amplifaya moja ikitumwa kuzibeba zote, besi huimeza nguvu yote. Fundi akizidisha ili mwimbaji asikike, amplifaya huelemewa, mawimbi yake hukatika vichwa, na makali yatokanayo na mkatiko huo huziunguza twita. Debe tupu haliachi kuvuma. Ndivyo ukumbi ulivyovuma, na neno halikuwamo.

Dawa yake ilikuwa kugawana kazi. Tangu miaka ya 1930 majumba ya sinema ya Marekani yalitumia spika mbalimbali kwa sauti nzito na sauti nyembamba. Mwaka 1974 bendi ya Grateful Dead ilisimamisha ukuta wa spika ambamo kila chombo kilikuwa na njia yake. Ulisikika vizuri, lakini uzito na gharama zake ziliwashinda hata wao. Suluhisho jepesi zaidi lilikuwa kuigawa sauti ingali ndogo, kabla haijaingia katika amplifaya. Kampuni ya Meyer Sound, iliyoanzishwa California mwaka 1979, ilikuwa miongoni mwa waliouza spika pamoja na prosesa yake maalumu. Katika miaka ya 1990 prosesa za kidijitali zikaenea, nazo zikafika pia katika kumbi zetu.

Mahali pa mtambo huu ni kati ya mikisa na amplifaya. Sauti za waimbaji na vyombo hukusanyika kwenye mikisa. Kutoka hapo huingia katika prosesa. Prosesa huzitoa kwa njia mbili au tatu. Na kila njia huenda kwenye amplifaya yake na spika zake. Kwa mfano, mitetemo iliyo chini ya 100 kwa sekunde huenda kwenye besi, ya kati huenda kwenye spika za kati, na iliyo juu ya 1,500 hivi huenda kwenye twita. Kazi ya pili ni kusawazisha wakati. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Twita ikiwa mbele ya besi kwa sentimeta 34, sauti yake hutangulia kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, na prosesa huichelewesha kwa kiasi hicho ili zifike pamoja. Kazi ya tatu ni kuweka mpaka, ili mawimbi yasipite kiwango ambacho spika yaweza kustahimili. Prosesa haiongezi nguvu hata kidogo, huweka utaratibu.

Lakini utaratibu wataka mjuzi. Niliwahi kushuhudia katika ukumbi mmoja wa mkoani waya wa besi ukiwa umechomekwa mahali pa twita. Gitaa zito lilipoanza, twita zilikoroma mara moja, kisha zikanyamaza. Watu walicheza mpaka usiku wa manane, maana mdundo ulikuwapo. Ila mwimbaji aliimba habari za mama mjane na hakuna aliyezisikia. Fundi mwangalifu angaliwasha amplifaya mwisho baada ya mitambo mingine yote, akajaribu kila njia peke yake kwa sauti ya chini, na kosa lile lingaligunduliwa kabla ya mlango kufunguliwa. Wakati wa kuzima, amplifaya ndizo zizimwe kwanza.

Tumezoea kuyahifadhi majina ya watunzi na waimbaji, na ni haki yao. Fundi mitambo huketi gizani nyuma ya ukumbi, na jina lake halitajwi. Hata hivyo, tangu umeme ulipoingia katika muziki wetu, yeye ndiye mwitikiaji wa kwanza wa mwimbaji: alichokipitisha ndicho tulichokisikia. Ujuzi wake haukuandikwa, umerithishwa kwa mkono na kwa sikio, na wazee wa kazi hiyo wanapungua. Hatuna budi kuukusanya wangali hai, kama tunavyokusanya nyimbo zenyewe, kwa maana neno lisilomfikia msikilizaji halihifadhiwi na taifa lolote.