Doo ya Kuanzia

Kwenye GURPS, ile gemu ya mezani iliyotoka Marekani mwaka 1986, utajiri ni kitu unanunua. Unapewa pointi, tuseme 100, unajenga mhusika wako: nguvu, akili, ujuzi. Ukitaka aanze akiwa tajiri unalipa pointi 20. Ukitaka awe na pesa za kumwaga, 50. Ukikubali awe sota, unarudishiwa 15. Yaani doo inakatwa kwenye misuli au ubongo wake, na mezani hakuna wa kulalamika. Dungeons & Dragons ya 1974 haikujali hayo: ulirusha dadu tatu, ukazidisha mara kumi, hizo ndizo sarafu zako za dhahabu. Bahati yako.

Kenya nayo ilikuwa na sheria yake, na aliyeitetea alikuwa mtu wa Rusinga.

Mwaka 1965, wizara ya mipango ya uchumi chini ya Tom Mboya ilitoa Waraka Namba 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Jina tamu. Lakini ndani yake iliandikwa kwamba pesa za maendeleo ziende pale zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, usafiri na umeme, na watu walio tayari kwa maendeleo. Faida ingewafikia wengine baadaye. Sasa isome kama mchezaji. Mwenye nguvu 15 na akili 14 anaongezewa utajiri bure. Mwenye 8 anaambiwa angoje mwenzake ashinde kwanza.

Na hizo pointi 15 hazikuota zenyewe. Mkoloni alijenga reli na barabara akifuata mashamba ya walowezi. Mboya aliyajua haya kuliko wengi: alizaliwa 1930 kwenye shamba la mkonge Kilima Mbogo, karibu na Thika, kwa sababu baba yake alitoka kisiwani kwenda kutafuta kazi huko. Mimi simlaumu haraka hivyo. Nchi ilikuwa changa, mfuko mdogo, na hesabu yake ilikuwa na akili.

Hata hivyo alijibiwa mwaka huo huo. Mwezi Julai, mchumi Barack Obama, baba wa yule rais, mzaliwa wa Kanyadhiang huko huko Homa Bay, aliandika kwenye East Africa Journal akidai serikali iangalie kwanza nani tayari anashikilia biashara na ardhi. Kwa lugha yetu: kabla ya kugawa pointi, hesabu zilizokwisha kugawiwa.

Mboya alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akazikwa Rusinga. Kisiwa kilingoja hadi miaka ya 1980 ndipo tuta likakiunganisha na Mbita.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 204, ilileta Hazina ya Usawazishaji: nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa miaka 20, kwa maji, barabara, afya na umeme kwenye maeneo yaliyotengwa. Nusu asilimia, wasee. Ni kama msimamizi wa gemu kukurushia sarafu mbili saa sita usiku, wakati wenzako wana makasri. Orodha ya kwanza ilikuwa na kaunti 14. Homa Bay haikuwemo.