Asmini: Jinsi ya Kupanda Ua la Usiku Kwa Keja Yako, Malindi Hadi Kilifi

Asmini (Jasminum sambac) si ua la mchana. Tumba zinafunguka jioni, harufu inatawala usiku, kesho yake ua linaanguka. Ndiyo maana kina mama wa Pwani huchuma tumba jioni, kabla hazijafunguka, watunge vikuba vya harusi.

Kupanda ni rahisi, msee. Omba jirani kijiti cha sentimita 15, toa majani ya chini, chomeka kwa ndoo iliyotobolewa. Mchanga wa Pwani haushiki maji, kwa hivyo changanya na samadi ya mbuzi iliyooza. Weka kivulini, mwagilia. Wiki 4 hadi 6 hivi, mizizi inashika. Sasa ipeleke juani, mbali na upepo wa chumvi, uifungie kamba ipande dirishani.

Maua hutoka kwa matawi mapya, so usiogope kupogoa yakiisha.

Chunga kitu moja: usiuziwe Cestrum nocturnum, ile huitwa "Queen of the Night", ukidhani ni asmini. Pia inanukia usiku, lakini vitunda vyake vyeupe ni sumu. Kama kuna watoi kwa ploti, achana nayo.