Kiinua Mgongo Kinaponunua Shamba la Mikorosho

Kabla mfuko wowote wa pensheni haujafungua ofisi Tanganyika, mzee wa Kisarawe, nje kidogo ya Dar es Salaam, alikuwa na miti yake. Kuanzia vilima vya Pugu hadi Maneromango, Wazaramo walipanda minazi na mikorosho wakijua kwamba nguvu za jembe zina mwisho. Mnazi hukaa miaka mitano au sita kabla ya kuzaa, kisha hulisha nyumba kwa miongo kadhaa. Aliyepanda kijana alivuna uzeeni, na shida ikibana sana mti uliwekwa rehani kwa mwenye duka. Ulikuwa uwekezaji wa muda mrefu, na mtoto alijifunza kanuni zake shambani, nyuma ya babu yake.

Hifadhi ya uzeeni iliyoandikwa kisheria ilikuja kwa wachache. Mwaka 1942 serikali ya Mwingereza ilianzisha mfuko wa akiba wa watumishi wake, na mwaka 1944 ukafuata wa serikali za mitaa. Manamba, vibarua wa mkataba waliokata mkonge katika ukanda wa Kibaha hawakuhusika. Wao walikuwa na kipande, kadi ya kujaza siku 30 za kazi. Kikijaa wanalipwa, na mgongo ukichoka wanarudi kwao mikono mitupu.

Uhuru ulipanua mlango. Sheria ya mwaka 1964 iliunda Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi, NPF: mfanyakazi anakatwa, mwajiri anaongeza, na siku ya kustaafu mtu anachukua fungu lake lote kwa mkupuo. Serikali changa ilizihitaji fedha hizo kwa maendeleo na sehemu kubwa ikaingia katika dhamana zake. Nia ilikuwa njema, lakini miaka ya 1980 bei zilipanda kwa takriban asilimia 30 kila mwaka na faida ya mfuko haikukaribia kasi hiyo. Aliyeweka akiba miaka ishirini alipokea shilingi zilizokwisha kuliwa thamani.

Waliotumikia reli waliumia kwa njia nyingine. Reli ya Kati inapita Pugu, Soga na Ruvu, na vituo hivyo vilikuwa na watu wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini mwaka 1984, ukiiachia kila nchi kuwalipa raia wake, lakini miaka ya 2000 wazee hao walikuwa bado wanaandamana Dar es Salaam wakidai haki yao. Sijui jambo lililowafundisha Watanzania kuziogopa ahadi za uzeeni kuliko picha za wazee wale.

Kibaha, katika miaka ya mwanzo ya uhuru, ilikuwa darasa la taifa. Mradi ulioanzishwa mwaka 1963 na Tanganyika pamoja na Denmark, Finland, Norway na Sweden ulijenga sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima, na mwaka 1970 ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Wakulima walifundishwa ufugaji wa kuku, na walifundishwa vizuri. Lakini namna makato ya mshahara yanavyokua, yanavyowekezwa na yanavyoliwa na mfumuko wa bei ni somo ambalo taifa halikulipa uzito hata kwa walimu wenyewe.

Somo hilo lilikuja kwa kishindo Desemba 2018. Mwaka 1997 NPF ilikuwa imegeuzwa NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, inayolipa pensheni ya kila mwezi, na Agosti 2018 mifuko ya sekta ya umma ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa mmoja, PSSSF. Kanuni mpya zikashusha mkupuo wa waliokuwa wakipata nusu ya mafao yao hadi asilimia 25, wafanyakazi wakapiga kelele, Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 kikaja kikokotoo kipya, kanuni ya kukokotoa mafao, yenye mkupuo wa asilimia 33.

Tupige hesabu. Mwalimu ana miezi 360 kazini na mshahara wa shilingi 1,000,000. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF angepata mkupuo wa milioni 62 na pensheni ya takriban 333,000 kwa mwezi. Kwa kikokotoo cha 2022, mkupuo ni kama milioni 30.7 na pensheni 416,000. Nyongeza hiyo ya mwezi inachukua miaka zaidi ya 31 kuifidia tofauti ya mkupuo. Lakini tazama upande wa pili: michango ya asilimia 20 ya mshahara huo kwa miezi 360 ni milioni 72 bila faida, na mishahara ya mwanzo huwa midogo kuliko ya mwisho. Mkupuo wa zamani ungebakiza fedha kidogo mno za kumlipa hadi kufa kwake.

Mifuko yenyewe ilikuwa imelemewa. Fedha zake zilijenga Chuo Kikuu cha Dodoma, na NSSF ilibeba asilimia 60 ya gharama za Daraja la Kigamboni lililofunguliwa Aprili 2016. Watumishi wa serikali wa kabla ya 1999 walikuwa hawajachangia, na deni lao liliachwa likikua hadi serikali ilipotoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 mwishoni mwa 2021. Kumtupia lawama mstaafu kwa kupenda mkupuo ni kumwonea. Mwaka 2024 serikali ilipandisha mkupuo kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakipata nusu.

Mkupuo huo mara nyingi unaishia Kibaha na Kisarawe. Mstaafu wa Dar es Salaam anatafuta kiwanja, dalali anampeleka kwa mzee mwenye mikorosho, mwenyekiti wa kijiji anaita mashahidi, kishika uchumba kinatolewa. Pensheni moja inainunua nyingine. Mnunuzi bado ana malipo ya kila mwezi. Muuzaji amebadilisha mavuno ya kila msimu kwa fedha ya siku moja.

Zanzibar inawalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi tangu Aprili 2016, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara, jambo la karibu zaidi lilijaribiwa mwaka 2010, TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ilipoanza kuzipa fedha kaya maskini za Kibaha, Bagamoyo na Chamwino, wazee wakitakiwa kwenda kliniki mara moja kwa mwaka. Tathmini ilikuta kaya hizo zimeongeza kuku na mbuzi na kujiunga na bima ya afya ya jamii. Watu wenye fedha kidogo kabisa waliwekeza, mradi fedha ije kwa wakati unaojulikana.

Sasa NSSF inapokea michango ya hiari ya wanaojiajiri: mama lishe, wakulima, bodaboda. Kwa mzee aliyeuza shamba lake Kisarawe mpango huo umechelewa. Kijana wake anayeegesha pikipiki Maili Moja, Kibaha, ana miaka thelathini mbele yake ya kuchangia, naye bado hajapata mtu wa kukaa naye ampigie hesabu ile ya mwalimu kwa kipato cha bodaboda.