Mstari Mmoja Mmoja

Mwanafunzi wa hosteli ya Mabibo mwenye laptop ya mtumba ya RAM GB 4 akitaka kusoma faili la maandishi la GB 10, ana njia mbili. Akiamuru lisomwe lote kwa mkupuo, mashine inaganda. Akiandika kwa Python "for mstari in faili", mashine inachukua mstari mmoja, inaufanyia kazi, inauachia, inachukua mwingine. Taratibu, lakini inafika.

Wengi wanadhani ujanja huu umekuja na Python yenyewe, iliyotoka mwaka 1991. Wapi! Ni mkongwe kuliko Muungano wetu. Tangu mwaka 1928 kadi ya kutoboa ya IBM ilikuwa na safu 80, kila safu herufi moja. Kadi moja ilibeba mstari wa programu, au taarifa za mtu mmoja. Mashine ilimeza kadi, ikasoma, ikangoja nyingine. Kumbukumbu ilikuwa ndogo na ghali, kwa hiyo kusoma kidogo kidogo halikuwa suala la hiari.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, zama hizohizo za kadi. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Marufuku yalipolegezwa miaka ya 1980, dunia ilikuwa inaiaga kadi. Naona ndiyo maana kizazi chetu kimerithi amri bila kisimulizi chake.

Na kisimulizi kina faida. Chukua alama ya mwisho wa mstari. Mpiga chapa alifanya mambo mawili: kurudisha kigari mwanzoni, kisha kusogeza karatasi. Windows bado inaandika alama zote mbili; Linux inatosheka na moja. Hazionekani kwa macho, ila zimo. Python ikisoma mstari wenye jina "Asha", inakabidhi jina pamoja na alama ya mwisho. Usipoiondoa kwa strip(), ukalilinganisha na "Asha" wa orodha nyingine, jibu ni kwamba hawa ni watu wawili.

Hebu fikiria orodha hiyo ni ya mkopo wa chuo. Asha atakosa ada, na aliyeandika programu ataapa kwamba jina halimo. Kumbe limo, limebeba tu mkia wa mashine ya chapa.