Walimu wa Kuja, Walimu wa Kwenda: Zamu ya Mto Tana

Mwalimu mgeni alifika delta ya Mto Tana kabla Kenya haijawa koloni, naye alianza kwa kuwa mwanafunzi. Mwaka 1887 Ferdinand Würtz, mmisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani, alianzisha kituo Ngao, karibu na Garsen. Mwaka uliotangulia, John Houghton na mkewe, wa misheni ya Kimethodisti, walikuwa wameuawa Golbanti, si mbali na hapo. Würtz hata hivyo alikaa. Alijifunza Kipokomo, lugha ya wenyeji wa hapo, na katika miaka ya 1890 sarufi aliyoitunga ikachapishwa kwao Ujerumani. Jina lake liko vitabuni. Majina ya wenyeji waliomvumilia akikosea, wakamsahihisha mpaka akaweza, ni nadra kuyasikia.

Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka mingi: mgeni alikuja, akafunza na kufunzwa, akaondoka. Mwenyeji alibaki palepale.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na shule za sekondari 151 tu, na walimu wenyeji waliohitimu kuzifundisha walikuwa haba mno. Mpango wa walimu wa Afrika Mashariki, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani pamoja na Makerere, ulikuwa umeanza mwaka 1961 na ulileta Wamarekani zaidi ya 400 kufundisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Peace Corps, shirika la Marekani la vijana wa kujitolea, ikafuata mwishoni mwa 1964. Waingereza nao walituma vijana wao wa kujitolea kupitia VSO. Wengi walipelekwa kwenye shule za harambee, zile ambazo wazazi walizijenga kwa kuchangishana na ambazo hazikuwa na mwalimu wa hisabati wala wa sayansi. Wale wa Peace Corps walifundishwa Kiswahili kwanza, kisha wakatumwa vijijini kwa miaka miwili.

Deni letu kwa walimu hao tulikiri. Kuna Wakenya waliomwona mwalimu wa fizikia kwa mara ya kwanza kwa sababu kijana wa miaka 23 alikubali kuishi mbali na kwao. Lakini mkataba wa miaka miwili una dosari yake. Mwalimu anapoanza kuijua shule, tayari anafunga mizigo. Safari ya kurudi, ya mwalimu wetu kwenda kwao, haikuwamo katika mipango hiyo.

Na Tana haikuwa maskini wa kitu cha kutoa. Serikali ilipotaka wimbo wa taifa mwaka 1963, iliunda kamati ya wanamuziki watano. Ndani yake alikuwamo Mwingereza Graham Hyslop, na George Senoga-Zake, mwalimu wa muziki mzaliwa wa Uganda. Wataalamu hao, wenye masomo na uzoefu wote walioupata duniani, waliuchukua wimbo wa Kipokomo wa kumbembelezea mtoto, na sauti yake ndiyo inayoimbwa hadi leo bendera inapopandishwa katika kila shule nchini. Hakuna somo la muziki lililowahi kusafiri mbali zaidi kutoka kingo za mto huu. Mimi huona hayo ndiyo mabadilishano kamili: kila mmoja aliketi na alichonacho, na kilichotoka kikawa cha wote.

Leo milango ya kwenda nje ipo. Chini ya Fulbright, mpango ulioanzishwa na Marekani mwaka 1946, walimu wa sekondari kutoka Kenya na nchi nyingine hukaa wiki kadhaa katika chuo kikuu cha Marekani, wakisoma mbinu za ufundishaji na kuingia madarasa ya huko. Upo pia mpango unaowapeleka walimu vijana kufundisha Kiswahili vyuoni Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Peace Corps nayo ilisitisha kazi Kenya mwaka 2014 kwa sababu za usalama, kwa hiyo mlango wa kuingilia ulipungua upana wakati ule wa kutokea ukifunguka.

Nani anapita? Anayeomba anahitaji intaneti ya kudumu, barua za kumpendekeza, mtihani wa Kiingereza, na safari za mahojiano. Kwa mwalimu wa Nairobi hayo ni kazi ya siku chache. Mwalimu wa Garsen hana wepesi huo, lakini ana ujuzi wake: ameshuhudia mapigano ya mwaka 2012 kati ya Wapokomo, wakulima, na Waorma, wafugaji, yaliyoua watu zaidi ya mia moja. Ameona mto ukifurika mwaka 1997, 2018 na 2023, barabara zikakatika na madarasa yakawa kambi. Darasani mwake huketi mtoto wa mkulima na mtoto wa mfugaji ambao wazazi wao waligombea maji na malisho, naye huwafundisha dawati moja. Ujuzi huo hauko katika vitabu vya chuo chochote, na walimu wa miji yenye uhasama wao, huko Ulaya na Marekani, wangeuhitaji.

Mwaka 2019 Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi wa shule ya Keriko mashambani Nakuru, alitwaa tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja. Hakuna anayeweza kusema tena kwamba vipaji vya ualimu viko mijini tu.

Basi Tume ya Huduma ya Walimu (TSC), serikali ya kaunti pale Hola na balozi zinazoendesha mipango hii watenge nafasi za kaunti zenye mazingira magumu, maombi yapokelewe kwa karatasi katika ofisi ya elimu ya Garsen, na walimu wageni wakija, wapangiwe Ngao na Tarasaa badala ya kuishia Nairobi. Nanyi walimu wa Tana, fomu zikitoka mwaka huu, zijazeni.