Mwaka Uleule

Ukiwauliza watu wa rika langu habari za mwaka 1977, watakutajia kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Februari mwaka ule mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, usifunguliwe hadi 1983. Mimi huongeza jambo moja dogo. Mwaka uleule, jijini Dar es Salaam, viongozi wa mpira wa vinyoya kutoka nchi kadhaa za Afrika waliunda shirikisho la bara lao.

Mchezo huo tuliupokea kwa Waingereza, ambao nao waliujenga kutokana na walichokikuta India. Zama za ukoloni ulichezwa katika vilabu ambamo Mwafrika aliingia kuhudumu. Sasa Waafrika walikuwa wakijipangia wenyewe nani acheze na nani, na wapi.

Mashindano ya kwanza ya Afrika yalifanyika Kumasi, Ghana, mwaka 1979. Nyakati hizo mchezo wenyewe ulikuwa na mfarakano: mwaka 1978 baadhi ya nchi za Asia na Afrika zilijitenga na kuanzisha shirikisho jingine la dunia, hadi suluhu ya 1981. Mashindano ya Afrika hayakufa. Mwaka 2003, kule Abuja, mchezo ukaingia pia katika Michezo ya Afrika.

Jumuiya ilikuwa na reli, ndege na bandari, ikavunjika. Mkataba wa kuiunda upya ulitiwa saini 1999. Wenzetu wa vinyoya walikuwa na raketi, wavu na ahadi ya kukutana tena. Naona ahadi ile ndiyo iliyowabeba.