Nafasi Ipo, Leta Alama

Mhitimu wa kidato cha sita Tanzania huomba chuo akiwa na matokeo yake mkononi. Mtihani ameufanya Mei, Baraza la Mitihani limetangaza matokeo Julai, kisha dirisha la udahili limefunguliwa. Mwenye PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, ya B, C na D anajua ana pointi 9, na anajua pia ni wapi asijisumbue kuomba.

Uingereza mambo yako kinyume. Kijana wa miaka 17 anajaza maombi kati ya Septemba na Januari. Mtihani wa A-level anaufanya Mei na Juni, na matokeo hutoka katikati ya Agosti. Kabla hajaingia hata chumba cha mtihani, tuseme Februari, chuo kinamjibu: tunakupa nafasi ya kusoma uhandisi ujenzi, mradi upate AAB, na mojawapo ya hizo A iwe ya Hisabati. Hiyo ndiyo ofa ya masharti. Chuo kimetoa ahadi kwa kutegemea makadirio ya walimu, yaani gredi wanazodhani mwanafunzi wao atapata.

Wazazi wengi huku kwetu, barua ya namna hiyo inapofika nyumbani, huzisoma herufi zile tatu kama cheo cha chuo: kinachotaka AAA ni bora, kinachotaka BBB ni cha wenye bahati mbaya. Historia ya utaratibu huu inasema mengine. Ulianza kama dawa ya tatizo la kalenda, na tangu hapo gredi zinazodaiwa zimepanda na kushuka kwa kufuata hesabu za viti, pesa, na hofu ya vyuo kubaki na madarasa matupu.

Zamani ofa ya masharti haikuhitajika. Oxford na Cambridge walikuwa na mitihani yao wenyewe, na aliyetaka kuingia alitakiwa aonyeshe kwamba anajua Kilatini na Kigiriki. Kigiriki cha lazima kilifutwa Cambridge mwaka 1919 na Oxford mwaka 1920. Chuo Kikuu cha London nacho kilikuwa na mtihani wake wa kujiunga tangu 1838. Ukifaulu na una ada, umeingia. Waombaji walikuwa wachache, wengi wao watoto wa wenye nacho, na msajili wa chuo aliweza kuwamaliza kwa barua za mkono.

Baada ya Vita Kuu ya Pili shule za sekondari zilijaa, na mwaka 1951 A-level ikachukua nafasi ya cheti cha zamani cha Higher School Certificate. Kila chuo bado kilikuwa na fomu yake na tarehe zake. Kijana mwenye akili aliomba vyuo vinne, vitano au zaidi, akapewa nafasi kwenye vitatu, akaenda kimoja bila kuwaaga wale wengine. Oktoba ilipofika, wakuu wa vyuo walikuta viti vitupu ambavyo kwenye daftari vilikuwa na wenyewe, ilhali vijana wengine waliokosa walikuwa wamekwisha kutafuta kazi.

Ndipo mwaka 1961 wakuu wa vyuo vikuu walipounda chombo cha pamoja cha kupokea maombi, UCCA. Fomu ikawa moja, mwombaji akaorodhesha vyuo anavyovitaka, na kila chuo kikajibu kupitia hapohapo. Mfumo ulikuwa umeshika kasi kufikia wanafunzi wa mwaka 1964, na mwaka 1968 ofisi zilihamia Cheltenham, mji mdogo wa magharibi ambako mrithi wake bado yupo. UCCA haikuvunja utamaduni wa kuomba kabla ya matokeo. Iliupanga vizuri tu. Kalenda ya mtihani ilibaki pale, kalenda ya chuo ikabaki pale, na kati yake ziliwekwa wiki chache za Agosti na Septemba za kuhakikisha nani ametimiza sharti.

Sharti lenyewe lilihitaji kipimo cha kuaminika, na hapa ndipo habari inaponoga. A-level ya miaka ya mwanzo ilikuwa ya kufaulu au kufeli, pamoja na sifa ya pekee kwa wachache waliong'ara. Chuo chenye waombaji wengi kuliko viti hakiwezi kuchuja watu kwa neno "amefaulu". Mwaka 1963 yakatoka mapendekezo ya gredi tano za kufaulu, A hadi E, kila moja ikiwa na mgawo wake: katika kila watahiniwa 100 wa somo, 10 wapate A, 15 B, 10 C, 15 D na 20 E. Wengine 20 wangepewa ufaulu wa ngazi ya chini, waliobaki wamefeli.

Itazame vizuri hiyo C, ambayo fungu lake ni dogo kuliko lile la B na lile la D. Kwa kuwa watahiniwa wengi hujikusanya katikati, fungu hilo lilibanwa ndani ya alama chache mno. Mtu angeweza kukosa alama kadhaa kwenye karatasi nzima akatoka B akaangukia D. Chuo kilichoandika "BBC" kwenye barua kilidhani kinapima uwezo, kumbe mara nyingine kilikuwa kinapima kama msahihishaji aliamka vizuri. Mgawo huo uliongoza utoaji wa gredi hadi mwaka 1987. Kwa miaka ile yote A haikuwa na maana ya kiwango fulani cha maarifa. Ilikuwa na maana kwamba umewapita wenzako tisa katika kila kumi.

Miaka hiyohiyo ilizaliwa ofa ya ajabu kuliko zote, ile ya EE. Oxford na Cambridge waliendelea na mitihani yao ya kuingilia. Aliyefaulu huko walikwisha kumtaka, basi wakamwandikia: lete E mbili tu. E mbili zilitosha kwa sababu ndizo zilizohesabiwa kuwa kima cha chini cha kuingia chuo kikuu, na baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1962 mwenye ufaulu wa A-level mbili na nafasi ya chuo alistahili ruzuku ya serikali ya mtaa wake. Kwa hiyo kijana aliyetakiwa alete alama ndogo kabisa nchini huenda ndiye aliyekuwa bora kuliko wote. Vyuo vingine navyo viliiga, vikawapa E mbili vijana ambao vilitaka kuwanyakua kutoka vyuo vingine. Kumbukumbu hiyo ingewafaa wazazi wanaodharau ofa ndogo.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na haya. Makerere iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na wahitimu wake wakatunukiwa shahada za London. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi wa sheria wa kwanza nao walisoma chini ya mwavuli huohuo wa London. Shule zetu zilifanya mitihani ya Cambridge, ikiwemo ile ya Higher School Certificate, yenye masomo ya ngazi kuu, masomo ya ngazi ndogo na karatasi ya maarifa ya jumla. Waingereza waliacha mpangilio huo kwao. Sisi tunao bado: Baraza la Mitihani, NECTA, lililoanzishwa 1973, linatoa mpaka leo ufaulu mkuu na ule mdogo wa S, na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inadai ufaulu mkuu wa masomo mawili kuwa kizingiti cha shahada ya kwanza. A-level mbili za Uingereza ya zamani na masomo mawili ya Dar es Salaam ya leo ni ndugu wa tumbo moja.

Ofa ya masharti yenyewe haikuota mizizi huku. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka wahitimu wa kidato cha sita wapitie Jeshi la Kujenga Taifa na kufanya kazi angalau miaka miwili kabla ya chuo, hakukuwa na haja ya makadirio: matokeo yalikuwa ya zamani, na kilichosubiriwa ni barua ya mwajiri na ya chama. Kenya nako matokeo ya mtihani wa sekondari, KCSE, hutoka mapema kuliko udahili, kwa hiyo chombo cha udahili cha huko, KUCCPS, hugawa nafasi kwa alama zilizokwisha kupatikana. "Alama za kukatia" zinazotajwa huko ni zile za mtu wa mwisho aliyepata kiti, na mwakani zinaweza kubadilika.

Tukirudi Uingereza, sheria ya mwaka 1992 iliruhusu politekniki ziwe vyuo vikuu, na UCCA ikaungana na chombo cha politekniki kuwa UCAS. Baadaye zikaja pointi: katika jedwali linalotumika tangu udahili wa 2017, A* ni pointi 56, A ni 48, B ni 40, hadi E yenye 16. A* iliongezwa mwaka 2010, wakati A zilipokuwa nyingi hadi vyuo vya juu vikashindwa kuchagua. Vyuo vingine huandika ofa kwa pointi, vingine kwa gredi. Tofauti si ndogo. Ofa ya pointi 120 inaweza kutimizwa kwa BBB au kwa ABC. Ofa ya BBB yenyewe, mwenye ABC hajaitimiza.

Mwombaji ana nafasi tano za kuchagua kwenye fomu. Majibu yakirudi hubaki na mawili: chaguo la kwanza, na la akiba lenye sharti jepesi zaidi. Anayeweka akiba yenye gredi zilezile za chaguo la kwanza hana akiba, ingawa kila mwaka wapo wanaofanya hivyo.

Siku chache kabla ya watahiniwa kuambiwa, matokeo huwa yameshafika vyuoni kwa siri. Hapo ndipo sharti linapoonyesha sura yake halisi. Chukua msichana aliyeombwa AAB akapata ABB. Kama wenzake wengi wametimiza sharti na viti vimejaa, jina lake linaachwa. Kama idara ina upungufu wa watu 15, anapokewa asubuhi ileile, na mwaka mzima wa kuhangaikia A ya pili unakuwa umekwisha bila mtu kumuuliza. Mabadiliko ya England yaliongeza hali hii: ada ilipandishwa hadi pauni 9,000 mwaka 2012, na ukomo wa idadi ya wanafunzi kwa kila chuo ukaondolewa mwaka 2015. Kila kiti kitupu sasa ni pesa iliyopotea. Vyuo vingi viliendelea kutangaza gredi za juu, maana tangazo hujenga jina, kisha Agosti vikapokea waliopungukiwa.

Ushindani huo ndio uliozaa wimbi la ofa zisizo na masharti. Kwa baadhi ya watu ofa hiyo ni ya kawaida kabisa: kijana wa Scotland aliyekwisha kufaulu mitihani ya Higher mwaka uliotangulia hana cha kusubiri. Lakini mwaka 2013 vijana wa miaka 18 wa England, Wales na Ireland Kaskazini walipata ofa za aina hiyo karibu 3,000. Mwaka 2018 zilifika karibu 68,000. Vyuo vingine vilimwambia kijana: sharti tunalifuta, ukituweka chaguo la kwanza. Walimu walilalamika kwamba wanafunzi wanaacha kusoma mwezi Februari. Mwaka 2020 msimamizi wa vyuo vya England akapiga marufuku mtindo huo kwa muda.

Agosti ya mwaka huohuo makadirio yalilipuka mikononi mwa serikali. Mitihani ilikuwa imefutwa kwa sababu ya korona, na gredi zikatolewa kwa fomula iliyoangalia pia historia ya shule. Tarehe 13 Agosti takriban gredi nne katika kila kumi England zilitoka chini ya zile za walimu. Vijana waliingia barabarani, na tarehe 17 serikali ikarudisha gredi za walimu. Maelfu walikuwa sasa wametimiza masharti ya vyuo vilivyokuwa vimewakataa siku nne nyuma, na chuo hakina ruhusa ya kumgeuka aliyetimiza sharti. Mwaka uliofuata gredi zilitoka tena kwa walimu, na Chuo Kikuu cha Exeter, kikiwa na madaktari watarajiwa wengi kuliko uwezo wake, kikawapa pauni 10,000 waliokubali kuhamia shule nyingine ya udaktari.

Walimu wenyewe hukosea sana wanapokadiria. Utafiti wa Gill Wyness wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba ni asilimia 16 tu ya waombaji waliopata sawasawa na makadirio yao, na asilimia 75 walikadiriwa juu kuliko walichopata. Ripoti ya Schwartz kuhusu udahili wa vyuo, ya mwaka 2004, ilishauri watu waombe, au angalau wapewe nafasi, baada ya matokeo. Serikali ililifungua tena suala hilo mwaka 2021, ikalifunga Februari 2022 bila kubadili kitu. Jirani yao Ireland hutoa nafasi baada ya matokeo tangu miaka ya 1970, na vyuo vyake hufunguliwa kwa wakati, kwa hiyo sioni kwamba kikwazo ni kalenda.

Mtanzania anayeomba huko leo anaingizwa katika utaratibu huohuo. Mwalimu wake, ambaye kwa kawaida hana desturi ya kukadiria, atalazimika kuandika gredi, na njia salama ni kutumia matokeo ya mtihani wa utamilifu badala ya matumaini. Udaktari, Oxford na Cambridge hufunga maombi Oktoba. Mkenya mwenye KCSE mara nyingi huelekezwa kwanza kwenye mwaka wa msingi, yaani wa maandalizi kabla ya shahada, na sharti lake huhusu mwaka huo. Barua ya chuo inayohitajika kwa viza haitolewi hadi masharti yote yatimizwe, Kiingereza kikiwemo, na hapo kidato cha sita wetu wana nafuu moja: NECTA hutangaza mwezi Julai, wiki kadhaa kabla wenyeji hawajajua zao.